Siku Kaptura Yangu Ilipogeuka Nanga

Nianze kwa kukiri. Mimi nikisoma jambo siku tatu mfululizo, siku ya nne najiita mtaalamu. Nimeshakuwa mtaalamu wa nyuki, wa kutengeneza saa za ukutani, na wa kulala bila mto. Mke wangu amenizoea. Akiniona nimetulia pembeni, miwani puani na daftari gotini, huuliza swali moja tu: "Haya, safari hii tunaangamia kwa lipi?"

Safari hii yalikuwa mawe.

Si mawe ya kujengea. Vito. Nilikuwa nimegundua (wengine wote wanajua tangu zamani, lakini mimi niligundua Jumanne) kwamba bahari huchimba vito kwa niaba yetu na kuvimwaga ufuoni bure. Bahari ya Baltiki hutupa kaharabu nchi kavu baada ya dhoruba: utomvu wa miti iliyokufa zaidi ya miaka milioni 30 iliyopita, umekauka ukawa kama jiwe. Kwenye kingo za Ziwa Superior huko Amerika Kaskazini watu hushinda wameinama wakitafuta akiki nyekundu zenye mistari. Na kisa cha Namibia ndicho kilichoniondolea usingizi kabisa, hata nikaona si haki kubaki nacho peke yangu.

Jioni hiyo nyumba ilikuwa imejaa. Mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea, na shemeji, mdogo wake mke wangu, alikuwa amemsindikiza halafu akasahau kuondoka. Nikasimama katikati ya sebule, maana habari za utajiri hazisimuliwi mtu akiwa ameketi.

"Mwaka 1908," nikaanza, "mfanyakazi wa reli aitwaye Zacharias Lewala alikuwa akizoa mchanga relini karibu na Lüderitz, katika nchi tunayoiita Namibia leo. Koleo likaibua kijiwe kinachong'aa. Akampelekea msimamizi wake, Mjerumani mmoja, August Stauch. Kumbe almasi! Watu wakafurika pwani ile kama siafu. Stauch akawa tajiri wa kutupwa."

Shemeji akaketi vizuri. Watoto wakanitazama kwa heshima ambayo sikuwa nimeiona tangu nilipozibua sinki. Mama mkwe alikuwa akishona kifungo. Akakata uzi kwa meno, akauliza:

"Na aliyeokota alipata nini?"

Nikakohoa. Nikafungua ukurasa mwingine wa daftari.

"Mama, hilo ni suala jingine."

"Nimeuliza tu, mwanangu."

Binti yetu, ana miaka minane, aliacha kutafuna penseli yake. Mimi sikulitilia maanani, na ndiyo maana nalitaja hapa.

Ufuo niliouchagua ulikuwa wa porini kabisa. Hakuna barabara, hakuna kibanda, hakuna mtu wa kukuambia "usifanye hivyo". Nilikuwa nimeuliza kwanza kama kuokota mawe kunaruhusiwa, kwa sababu kuna fukwe nyingi duniani ambako ukitia kokoto mfukoni unahesabiwa mwizi. Nikaambiwa chukua, lakini usichimbe. Siku nayo niliichagua kitaalamu: mwezi mpevu, wakati wa bamvua. Watu wengi hudhani bamvua ni maji kujaa sana tu. Bamvua huenda pande zote mbili. Maji hupanda mno, na kabla ya hapo hupwa mno, yakafunua changarawe ambayo siku nyingine haionekani. Kilele cha kupwa kilikuwa saa tisa alasiri. Kutoka kupwa hadi kujaa ni saa sita na dakika chache. Kwa hesabu yangu tulikuwa na muda hadi saa tatu usiku.

Mabaharia wana hesabu nyingine. Ukigawa maji yanayoingia mafungu 12, saa ya kwanza huingia fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Yaani katika saa mbili za katikati hurudi nusu nzima ya bahari. Hesabu hiyo nilikuwa naijua. Nilikuwa nimeiandika kwenye daftari, nikaipigia mistari miwili, kisha daftari nikaliacha juu ya friji.

Tulitembea karibu saa nzima kufika. Mimi mbele na ndoo ya lita 10, shemeji na koleo ("La nini? Wamesema tusichimbe." "La kuegemea, shemeji."), watoto, mke wangu na mkeka, na mwisho kabisa mama mkwe, anatembea taratibu na mtandio wake kichwani kama mtu anayesindikiza maiti asiyemfahamu. Njiani nikatoa somo.

"Akiki huzaliwa ndani ya lava. Lava ikipoa, mapovu ya gesi hubaki kama vyumba vitupu. Maji yenye silika, yaani madini yanayounda mchanga, hupenya humo, yanajaza chumba tabaka kwa tabaka, ndiyo ile mistari. Miaka inapita, lava inamomonyoka, akiki inabaki kwa sababu ni ngumu."

"Kwa hiyo tunatafuta povu," alisema kijana wangu wa miaka kumi na miwili.

"Povu lililojaa."

"La mamilioni ya miaka."

"Ndiyo."

"Na wewe, Baba, ulishawahi kuokota moja?"

"Angalia unapokanyaga."

Tulipofika nikawapanga mstari, nikatoa kanuni nne. Ya kwanza, usiipe bahari mgongo. Ya pili, jiwe lolote lichovye majini kisha liinue kwenye jua. Likipitisha mwanga huenda ni akiki, likiwa zito na zuri lakini halipitishi huenda ni yaspi, na mengine yote ni mawe tu. Ya tatu, tembea ukilielekea jua, kwa sababu akiki iliyolala kati ya kokoto ikipigwa na jua kwa nyuma huwaka kama kaa la moto. Ya nne, hakuna jiwe litakaloingia kwenye ndoo bila kupita mikononi mwangu.

Kanuni tatu za mwanzo ni za watu wanaojua kazi. Ya nne niliitunga mwenyewe.

Mama mkwe alitandika mkeka juu, karibu na magogo makavu yaliyoletwa na maji, akaketi akiwa ameitazama bahari. Kwa hiyo katika familia nzima yeye peke yake ndiye aliyetii kanuni ya kwanza kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Sitaki mtu adhani ufuo haukuwa mzuri. Maji yalikuwa yamerudi nyuma hata mawe yenye mwani mrefu yakabaki yametota kama vichwa vya watu waliotoka kuoga. Chini ya mteremko kulikuwa na mkanda wa changarawe, ukubwa wa maharage hadi ukubwa wa ngumi, kila wimbi likirudi unasikia yanasagana, krrrr, kama mtu anayemwaga shanga kwenye sinia. Na yote yanameta! Mekundu, ya kijani, meusi yenye mishipa myeupe. Nikapiga magoti. Nikaanza kuzoa.

Nilikuwa nimesoma, naapa, kwamba jiwe likilowa humdanganya mtu. Maji huziba mikwaruzo midogo ya juu, mwanga unapita bila kutawanyika, na kokoto la kawaida linavaa suti. Likikauka linarudi kuwa yatima. Nilikuwa najua. Lakini kujua na kuwa umepiga magoti mbele ya mali ni vitu viwili.

Shemeji yeye alitaka kaharabu tu. Alikuwa amesikia kwamba ni nyepesi, kwamba katika maji yaliyokolezwa chumvi sana huelea wakati mawe yote yanazama, na kwamba ukiisugua kwenye kitambaa hunasa vipande vya karatasi. Akawa anaokota kila kitu cha njano, anakisugua kwenye fulana, anakipeleka karibu na nywele za mpwa wake kuona kama zitasimama. Hazikusimama. Nikaona nimsaidie kwa elimu ya ziada.

"Shemeji, uangalie. Kule Baltiki kuna watu waliookota kaharabu wakaitia mfukoni, kumbe ni fosforasi nyeupe ya mabomu ya Vita Kuu ya Pili. Ikiwa imelowa imetulia tu. Ikikauka na kupata joto la mwili, inawaka. Mfukoni."

"Inawaka vipi?"

"Moto, shemeji. Moto. Ndiyo maana huko wanashauriwa kubeba kopo la bati."

Hapo tulipokuwa hapakuwahi kupigwa hata fataki. Nililisema kwa ajili ya kuonekana msomi. Baada ya kama dakika kumi nikasikia yowe, nikageuka, nikamwona shemeji anakimbilia majini amejishika paja, anajimwagia maji mfukoni kwa viganja vyote viwili, halafu akaona haitoshi akakaa kabisa. Alikuwa ametia mfukoni kokoto la njano lililokuwa limelala juani tangu asubuhi. Lilikuwa na joto, basi.

"Lingewaka je?" alinifokea, amekaa kwenye maji hadi tumboni. Tangu hapo hakuokota tena. Akawa anaegemea koleo.

Ni katikati ya rabsha hiyo binti yangu alipokuja. Alikuwa amelishika jiwe kwa mikono miwili. Nakumbuka vizuri sana, kwa sababu nimekumbushwa sana: lilikuwa kubwa kidogo kuliko yai, kavu, gamba lake lina vishimo vishimo kama goti la mtoto mtundu, rangi ya vumbi.

"Baba, kagua."

Kumbuka kanuni ya pili. Lichovye, liinue kwenye jua. Sikulichovya. Sikuliinua. Nililitazama jinsi karani anavyotazama fomu isiyo na muhuri.

"Jiwe tu hilo, mwanangu. Tupa."

"Lakini upande huu…"

"Tupa, utafute jingine. Tunatafuta vitu vinavyong'aa."

Akaondoka. Sikumwangalia anakwenda wapi, kwa maana dakika hiyo hiyo, kati ya mawe mawili meusi, niliona kijani.

Kijani gani! Kimeiva, kimetulia, kina ukungu wa juu kama dirisha la alfajiri. Ukubwa wa kisigino cha mtoto, mviringo upande mmoja, kimelainishwa na mawimbi kiasi kwamba kidole kinateleza. Nikakichovya, nikakiinua kwenye jua. Kikapitisha mwanga! Mikono ikaanza kunitetemeka. Zumaridi. Nilimwona Stauch akinipisha kiti.

Nikataka kukipima. Friedrich Mohs alipanga ugumu wa madini kuanzia 1 hadi 10 mwaka 1812, na kila mwenye kiherehere cha mawe anaikariri orodha hiyo. Kwatzi, lile jiwe jeupe lililojaa ufuoni, ni 7. Zumaridi hufika kati ya 7.5 na 8. Kwa hiyo kwatzi haiwezi kuikwaruza zumaridi. Nikaokota kwatzi, nikakwaruza pembeni, taratibu.

Ikakwaruzika.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nilijisemea kwamba huenda zumaridi hii bado changa, nikaitia mfuko wa kulia, ule wenye kifungo.

Nije sasa kwenye hiyo kaptura. Ilikuwa mpya, ya kijeshi jeshi, mifuko sita. Kiunoni haikuwa na sehemu za kupitishia mkanda. Ilikuwa na mpira. Ndoo ilipojaa, na ndoo ya lita 10 ikijaa kokoto hukaribia kilo 16, niliiweka juu ya mwamba nikaendelea kujaza mifuko. Mfuko wa kwanza ukajaa, wa pili, wa tatu. Nilikuwa natembea kama mtu aliyetoka kupanda farasi. Kila hatua tano napandisha kaptura, nazoa, napandisha.

Jua lilikuwa limeshuka, nami nikalielekea, kama kanuni inavyosema. Nikauzunguka mwamba uliochomoza hadi majini, nikaingia kighuba cha pili ambako changarawe ilikuwa nene zaidi. Nyuma yangu nikawa nasikia sauti za watu wangu kwa mbali. Nikatazama nyuma mara moja. Walikuwa wamesimama kwenye magogo, wote, wanapunga mikono. Hata mama mkwe amesimama! Nikaona wamefurahi kwa ajili yangu. Nikawapungia na mimi, nikainama tena.

Ilikuwa saa kumi na moja na nusu. Kwa mahesabu ya mabaharia, katikati kabisa ya saa ya tatu.

Wimbi la kwanza lilinilamba vifundo, nikalisamehe. La pili likanipata magotini, nikashangaa. Nikageuka kurudi, nikakuta mwamba nilioupita miguu mikavu sasa unapigwa na maji pande zote, na ndoo yangu juu yake inasubiri hukumu. Nikaanza kukimbia. Sema nilitaka kukimbia. Mtu mwenye kilo nyingi za mawe mapajani hakimbii, huyumba. Niliuzunguka ule mwamba nimeushika kama mlevi na nguzo, maji mapajani, nikatokea upande wa pili mbele ya familia yangu yote, umbali kama wa kutupia jiwe, na hapo ndipo wimbi la tatu liliponijia kwa nyuma. Mgongo. Nilikuwa nimeipa mgongo.

Halikuniangusha, ningeshukuru lingeniangusha. Lilinisukuma, likanijaza, na lilipokuwa linarudi likavuta kila kitu kilichokuwa kizito. Nikausikia mpira wa kiunoni ukisema "ptu". Kaptura ikateremka hadi vifundoni kwa kishindo cha mawe, ikatua chini, ikatulia. Nanga kamili. Nilijaribu kuinua mguu wa kulia, haukutoka. Nikajaribu wa kushoto, nikakaa chini, pwaa.

Maji yaliporudi nyuma nilikuwa nimekaa ufuoni, miguu imefungwa, nimevaa fulana na chupi ya manjano yenye picha za bata. Niliipewa na watoto siku ya kuzaliwa. Sikuitarajia kuonekana hadharani.

"Mungu wangu," nilimsikia mama mkwe. Akajifunika uso kwa mtandio. Mtandio ule ni mwepesi sana, unaonyesha.

Shemeji akaja mbio na koleo, akasimama mahali maji yanapoishia, hataki kulowa mara ya pili.

"Shemeji, vua kaptura utoke!"

"Nivue kaptura mbele ya mama?"

"Si imeshavuka!"

"Ipo miguuni! Bado nimeivaa!"

"Basi mwaga mawe!"

"Mawe simwagi!"

Wimbi likaja, likanipita kichwani, likarudi. Nikatema chumvi na kipande cha mwani.

"Baba watoto," mke wangu aliita, na sauti yake ilikuwa ya upole ule unaotisha, "mwaga mawe."

Hapa ndipo aibu yangu kubwa ilipo, wala si zile bata. Sikumwaga. Nilianza kuchagua. Nimekaa baharini, mawimbi yananipitia begani, natia mkono mfukoni natoa jiwe moja moja, nalichovya (kwani lilikuwa limekauka?), naliinua kwenye jua, nalitathmini. Hili hapana. Hili labda. Hili nilifikirie kwanza. Kijana wangu akaanza kucheka, akacheka hadi akapiga magoti, na kwa kweli hata mimi kama ningekuwa ufuoni ningefanya vivyo hivyo. Kulikuwa na shakwe mmoja juu ya gogo, alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja kabisa kama jirani dirishani.

Wimbi la sita au la saba lilimaliza mjadala. Lilinibiringisha mara mbili, likaipindua kaptura, likamwaga lenyewe. Shemeji akaninyooshea mpini wa koleo, nikaushika, nikavutwa nje kama gunia. Nikapandisha kaptura kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umekandamiza ule mfuko wenye kifungo. Zumaridi ilikuwepo. Ndoo niliyoiacha mwambani sikuiona tena.

Njia ya kurudi tulitembea bila mazungumzo. Mimi nimeshika kaptura kiunoni, nyuma yao wote, na mama mkwe safari hii alikuwa mbele kabisa, anakwenda kwa kasi ambayo sikujua anayo. Mara mbili nilimwona mabega yakimtikisika. Nilidhani analia.

Nyumbani nilioga, nikavaa suruali, suruali hasa, nikawaita sebuleni. Mtu ameaibika, lakini mali ipo. Nikaweka mezani vijiwe sita vilivyosalia na katikati nikaiweka zumaridi juu ya kitambaa cheupe. Vile sita vilikuwa vimeshakauka. Vilikuwa vya kijivu. Vyote. Kimoja kilikuwa cha kijivu zaidi.

"Sahau hivyo," nikasema. "Tazameni hiki."

Kijana akakichukua, akakiweka chini ya taa, akakigeuza upande wa chini ambao mimi, kwa furaha, sikuwahi kuuangalia kwa makini. Akapitisha kidole.

"Baba, zumaridi yako ina maandishi."

"Ni mistari ya asili."

"Imeandikwa tano, sifuri, sifuri. Halafu 'ml'."

Kimya. Shemeji akaegemea mbele.

"Shemeji," alisema taratibu, "ni kitako cha chupa."

Kioo cha chupa, kwa wanaopenda elimu, kina ugumu wa kama 5.5. Kwatzi inakikwaruza bila jasho. Bahari hukisugua kwa miaka mingi kwenye mchanga hadi kinapata ule ukungu mzuri, na kuna watu wanavipenda vipande hivyo na kuvitengenezea hereni, kwa hiyo si kwamba nilirudi mikono mitupu. Nilijaribu kuwaeleza hivyo. Hakuna aliyenisikiliza, kwa sababu mama mkwe alikuwa ameshaanza kucheka, na safari hii hakujificha, alicheka akipiga mapaja, anasema "mililita mia tano!" anapumzika, anaanza tena.

Ndipo binti yangu alipozima taa.

Alikuwa na tochi. Akaiwasha, akaisimamisha mezani imetazama juu, akaweka juu yake kitu. Upande mmoja wa lile gamba la vumbi mawimbi yalikuwa yamelibandua, pakabaki kidirisha kidogo cha ukubwa wa ukucha wa dole gumba, na mwanga ulikuwa unatokea hapo. Mwekundu wa kutu, halafu wa moto, halafu mweupe, halafu mwekundu tena, mistari myembamba kama nywele, inafuatana kuzunguka kitu kimoja cheusi katikati kama jicho. Kijana alihesabu mistari hadi 23, akapotea, akaanza upya. Hakuna aliyepumua.

"Ulisema nitupe," alisema binti. "Nikatupa mfukoni."

"Mwanangu," nilisema, na sauti ilinitoka kama ya mtu aliyemeza kifuniko, "lete nilione karibu. Nilikague."

Akalifunika kwa kiganja.

"Bibi aliuliza aliyeokota alipata nini."

Nikamtazama mama mkwe. Alikuwa amegeukia dirisha, anaangalia nje, giza totoro, hakuna cha kuangaliwa.

Mazungumzo yalichukua nusu saa na shemeji alikuwa msuluhishi. Ikakubaliwa kwamba jiwe ni lake, litakaa kwenye soksi chini ya mto wake, na mimi ninaruhusiwa kuliona mara moja kwa siku, baada ya kuosha vyombo, bila kulishika. Kitako cha chupa kimewekwa dirishani. Kila anayekuja huulizwa kama anataka kuona zumaridi ya Baba.

Mama mkwe aliondoka Jumapili iliyofuata, pamoja na shemeji hatimaye. Siku tisa baadaye ukaja mzigo mdogo wenye jina langu. Ndani kulikuwa na mkanda wa ngozi, mpana, wa kiume, na mbele ya matundu yake ya kawaida yalikuwa yameongezwa mengine matatu kwa msumari. Hapakuwa na barua.

Nimeshaujaribu, unanikaa vizuri. Mwezi unapevuka Alhamisi.